Nyuma ya Pikapu: Mbao, Turubai, Laina na Benchi za Mzee

Wiki mbili zilizopita nilikosana na babangu, na haikuwa juu ya pesa wala ndoa. Tulikosana juu ya nyuma ya pikapu.

Hali ni hii. Mimi na ndugu zangu wawili tulichanga tukamnunulia mzee Isuzu D-Max ya mkono wa pili, ile ya kibini moja, nyuma wazi. Kazi yake ni viazi, kabeji na maziwa, kutoka shambani Kinangop hadi Flyover, na siku zingine hadi Nairobi. Kaka alitoa pesa nyingi kutushinda, dada akalipa bima, na mimi nikaachiwa nyuma. Yaani nichague kitu cha kuweka sakafuni ili bati lisikwaruzwe na kuliwa na kutu, na kitu cha kuweka juu ili mvua isinyeshee mzigo. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Unaangalia picha, unauliza bei, umemaliza.

Nikampigia mzee simu. Huwa ananiita maitu, mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mamake. Akaniambia, "Maitu, usihangaike na mambo ya picha. Weka kanopi ndefu ya bati, yenye madirisha, na benchi mbili ndani."

"Benchi za nini, Baba?"

"Za watu. Ama ukifika msiba wa jirani, watu watabebwa na nini? Kabeji?"

Nikamwambia hiyo haiwezekani, akaniambia gari ni lake, nikamwambia pesa ni zetu, na hapo nikajua nimekosea kusema. Mamangu alichukua simu akaniuliza ninasoma nini siku hizi kinachonifunza kujibu mzee hivyo. Basi nikaamua kusoma kweli. Nimekaa siku kadhaa nikifuatilia historia ya hii sehemu ya gari ambayo hakuna mtu huitazama, na sasa nina maoni. Mtanivumilia, ni marefu.

Tuanze hapa nyumbani. Miaka ya 1920, mwenye pesa zake Nairobi hakulazimika kununua gari likiwa zima. Angeweza kupata injini, fremu na magurudumu kutoka ng'ambo, halafu nyuma ikajengwa hapa hapa na fundi, kwa mbao. Magari hayo yaliitwa boksi bodi, na kwa kweli yalikuwa boksi: mbele kiti cha dereva, nyuma sanduku la kubebea mizigo, hema, mbwa, bunduki, na wafanyakazi wa shamba juu ya hivyo vyote. Walowezi waliyapenda kwa sababu barabara zilikuwa matope na gari maridadi la Ulaya lilikuwa linakufa haraka. Waliojenga masanduku hayo ni mafundi wa mjini, wengi wao wenye asili ya Kihindi, watu ambao ufundi wao wa mbao na chuma ulikuja na enzi ya reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Hadi leo ukimtajia mtu wa rika la babangu neno Kalasinga, kitu cha kwanza kinachomjia akilini ni fundi wa magari.

Kwa hivyo swali la "niweke nini nyuma" halikuletwa Kenya na maduka ya vifaa vya magari. Hapa gari lilianza bila nyuma, na fundi wetu ndiye aliyeijaza.

Marekani nao walianza hivyo hivyo. Mkulima alinunua Ford Model T, akakata sehemu ya nyuma, akapigilia sanduku la mbao. Kampuni ikaona watu wanafanya kazi ambayo ingeweza kuuzwa. Mwaka wa 1925 Ford ikatoa Model T yenye sanduku la chuma nyuma, limetengenezwa kiwandani, kwa dola 281. Hiyo ndiyo pikapu ya kwanza ya Ford kutoka kiwandani ikiwa tayari, na jina pikapu lilikuwa humo kwenye jina lake rasmi.

Lakini mbao haikuondoka, na hapa ndipo mimi nilishtuka kidogo. Kwa miongo mingi baadaye, pikapu nyingi za Marekani zilikuwa na kuta za chuma lakini sakafu ya mbao, na kati ya ubao na ubao kulikuwa na ukanda wa chuma. Fikiria sababu yake. Ukitupa jiwe kwenye ubao, ubao unalimeza. Ukitupa jiwe kwenye bati, bati linabonyea na rangi inatoka. Ukivuta sanduku la chuma juu ya ukanda wa chuma linateleza, huhitaji watu wanne. Na ubao mmoja ukioza, unatoa huo mmoja, unaweka mwingine, maisha yanaendelea. Sakafu ya bati ilipokuja kutawala, ilikuwa rahisi kutengeneza kwa mashine, na bati halinyonyi maji. Ila mwenye gari alipoteza kitu. Alipoteza sakafu unayoweza kuiumiza bila kuumiza gari.

Laina tunayouziwa leo ni njia ya kurudisha ule ubao. Ukielewa hilo, nusu ya uchaguzi umeshafanya. Laina haikusudiwi kupendeza. Ni ngozi ya kuumizwa badala ya gari.

Juu nako kuna hadithi yake. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka wa 1948, ilikuja na kifuniko cha turubai juu ya vyuma vilivyopinda. Turubai ni nyepesi, unaikunja ukiwa na mzigo mrefu, ikipasuka unaishona kwa sindano ya magunia. Ilikuwa gari la shamba, na serikali ya Uingereza ililihesabu hivyo, kwa hivyo halikutozwa ile kodi ya ununuzi iliyowekewa magari ya starehe. Mwaka uliofuata wakatoa ile yenye bodi ya kufunikwa vizuri, viti na madirisha ya abiria. Serikali ikasema hapana, hilo sasa ni gari la watu, lipe kodi. Bei ikapanda, wanunuzi wakawa wachache, na yaliyotengenezwa hayakufika hata 700.

Umeona hiyo? Mbele ilikuwa ile ile. Ni kile kilichokaa nyuma ndicho kilichoamua gari ni nini machoni pa serikali.

Huku kwetu jambo hilo hilo lilitokea kwa njia yetu. Matatu, kabla iwe Nissan na kabla iwe basi dogo lenye muziki na picha za wasanii, ilikuwa gari lolote lililoweza kubeba mtu kwa senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi, na jina likatoka kwenye hiyo tatu ya Kikuyu. Mengi ya magari hayo yalikuwa pikapu. Peugeot 404, Datsun, Toyota, chochote. Hiyo 404 ilikuwa na heshima ya kipekee, kwa sababu ndugu zake wa saluni walishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968, na Mkenya akiona gari limeshinda Safari haambiwi kingine. Mwenye pikapu alimpelekea fundi, fundi akajenga kanopi ya mbao au bati juu, akaweka benchi mbili za kutazamana, akaacha nyuma wazi kwa ajili ya kupandia na ya utingo kuning'inia.

Hadi 1973 kazi hiyo ilikuwa ya kukimbizana na polisi, kwa sababu leseni za kubeba abiria zilikuwa kwa mabasi. Mwaka huo Mzee Kenyatta akatoa amri kwamba matatu wabebe abiria bila hizo leseni. Tunaimba sana kuhusu amri hiyo kama mwanzo wa ujasiriamali wa mwananchi, na ni kweli, ilifungulia watu wengi riziki. Lakini angalia ilichomaanisha kwa nyuma ya pikapu. Kanopi ya fundi, iliyoundwa kuzuia mvua isinyeshee kabeji, sasa ilikuwa chumba halali cha kukaa binadamu, na hakuna mtu aliyekuwa anakuja kuikagua. Sheria yenyewe ilikuja kubadilishwa mwaka wa 1984, ikatambua matatu kama gari la abiria, na mambo ya leseni na ukaguzi yakaingia. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita.

Mafundi siwalaumu hata kidogo. Mafundi wa jua kali walikuwa wanapinda bati kwa nyundo juani, na ilichukua hadi 1985 kwa Rais Moi kufika Kamukunji kuwaona na kuwaahidi vibanda vya kufanyia kazi. Waliulizwa wafanye kitu kinachofunika, wakafanya kinachofunika. Aliyeagiza hakuuliza swali la pili, kwamba gari likilala ubavu, hiki kitu kitashika?

Shangazi yangu, dadake baba, anatembea na fimbo. Nikiwa mdogo nilidhani alizaliwa hivyo. Alikuwa ndani ya pikapu ya aina hiyo, miaka ya themanini, kwenye kona za kuteremka Mai Mahiu, na gari halikuwa hata na kasi kubwa. Lililala tu. Kanopi ya mbao ikafunguka kama kiberiti kilichokanyagwa, na benchi, ambayo ilikuwa imepigiliwa misumari minne, ikamwangukia mguuni. Baba alikuwa ameketi karibu naye. Yeye alitoka na mkwaruzo wa kiwiko.

Huyo ndiye mtu anayeniambia niweke benchi.

Kabla hamjamhukumu, nami nilikuwa nimeshamhukumu, nikumbushe kwamba wakati sisi tulikuwa tunaweka benchi ili watu wafike sokoni, kuna watu waliweka viti nyuma ya pikapu ili kumkwepa mtoza ushuru. Mwaka wa 1964 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo kutoka nje. Ugomvi ulianza na kuku. Nchi za Ulaya zilikuwa zimetoza ushuru kuku wa Marekani, na Marekani ikalipiza kwa bidhaa kadhaa, malori yakiwemo. Vita vya kuku viliisha, ushuru wa malori ukabaki. Basi Subaru walipotaka kupeleka pikapu yao ndogo huko, BRAT, mwishoni mwa miaka ya 1970, walifungia nyuma viti viwili vya plastiki vinavyotazama vilikotoka. Sasa si lori tena, ni gari la abiria, ushuru ukashuka. Watu waliketi huko wakipigwa upepo, na Ronald Reagan mwenyewe alikuwa na moja shambani kwake. Mimi hiyo huniambia kwamba hata matajiri, sheria ikiwasukuma kidogo, watamketisha mtu mahali pa mzigo.

Lakini kilichonikamata koo ni kitu kingine. Mwaka wa 1992 madaktari wa Seattle walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani habari za watoto 20 waliopata sumu ya kaboni monoksidi wakiwa nyuma ya pikapu. Hiyo ni hewa inayotoka kwenye ekzosi, haina harufu, huioni. Kati ya watoto hao, 17 walikuwa chini ya kanopi ngumu iliyofungwa, na watatu walikuwa chini ya turubai. Mmoja alikufa. Jinsi inavyotokea ni rahisi kueleza: gari likienda, upepo unapita juu na pembeni, na nyuma kunabaki kama shimo la hewa linalovuta. Moshi wa ekzosi unazunguka hapo na kunyonywa ndani kupitia mlango wa nyuma na nyufa zake. Kanopi ikiwa imefungwa vizuri mbele na pembeni ndivyo ilivyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna njia ya hewa safi kusukuma ile chafu itoke. Na mtu akianza kupata sumu hiyo anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, halafu usingizi.

Niliposoma hapo nikampigia mzee tena. Sikutaja benchi. Nilimuuliza tu, "Baba, mlikuwa mnajisikiaje mkisafiri kwa zile pikapu za zamani?"

Akacheka. "Sisi? Tulikuwa tunalala. Ukiingia tu, kichwa kinauma, unatapika kidogo, unalala. Tulikuwa tunasema ni kona."

Siwezi kujua kama ilikuwa kona au moshi. Pengine ilikuwa vyote viwili. Nikamsomea habari ya wale watoto, polepole, kwa Kiswahili. Akanyamaza muda mrefu hadi nikafikiri simu imekatika. Kisha akasema atanipigia.

Wacha nirudi sakafuni, maana hapo pia nina deni la kulipa.

Laina za plastiki za kudumbukiza, zile zinazokuja kama beseni kubwa lenye umbo la nyuma ya gari, ndizo zilizopendwa kwanza. Ni plastiki ngumu, unaiweka, unafunga skrubu chache, umemaliza. Baba alikuwa na Peugeot 504 pikapu nilipokuwa shule ya msingi, na fundi mmoja akamuuzia beseni la namna hiyo lililotolewa kwenye gari lingine. Tulilishangilia. Lilikuwa jeusi, linang'aa, maziwa yakimwagika unapiga maji tu. Miaka minne baadaye tulilitoa ili kupaka gari rangi, na sakafu ikabaki kwenye beseni. Siongezi chumvi. Vipande vya bati vilikuwa vimegandamana na matope chini ya plastiki, na kutoka pale nilipokuwa nimesimama niliona ardhi. Lile beseni halikuwa limekaa sawasawa, kwa hivyo barabarani lilikuwa linatetemeka na kusugua rangi kama msasa, mchanga wa viazi ukiwa katikati. Kisha maji yakaingia pembeni yakakosa pa kutokea. Juu kulikuwa safi kabisa muda wote huo. Gari liliuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na karo ya kaka ya muhula ule ikatoka kwa ng'ombe.

Kwa hivyo mtu akiniambia laina ya kudumbukiza ni mbaya, namwambia hapana, ni mbaya ukiisahau. Inataka kutolewa kila baada ya miezi kadhaa, pakaoshwa, pakakauka, mashimo ya kutolea maji yakazibuliwa. Ukijijua wewe si mtu wa kufanya hivyo, usiinunue.

Na kuna jambo la pili ambalo Wakenya tunapaswa kulisikia vizuri, kwa sababu sisi ni watu wa mitungi. Mwaka wa 1998 NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ilitoa onyo kuhusu mioto iliyotokea watu wakijaza petroli kwenye mitungi iliyowekwa juu ya laina za plastiki nyuma ya pikapu. Petroli ikipita kwenye mpira wa pampu inajikusanyia umeme tuli. Mtungi ukiwa chini ardhini, umeme huo una njia ya kutoroka. Mtungi ukiwa juu ya plastiki, hauna njia, unakaa hapo ukingoja, na cheche moja inatosha. Dawa haigharimu hata shilingi: shusha mtungi, uweke chini, ujaze, uupandishe. Kila siku naona watu Njabini wanajazia petroli ya jenereta juu juu, mhudumu amenyoosha mkono kwenye pikapu. Msee, shusha mtungi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja laina ya kupuliziwa. Kampuni ya Rhino Linings ilianza 1988 huko California, na Line-X ikafuata 1993. Hapo bati linakwaruzwa kwanza, linasafishwa mafuta yote, kisha linapuliziwa kitu kama plastiki ya moto inayoganda ikawa ngozi ngumu, yenye vipele vya kuzuia mzigo usiteleze. Hakuna nafasi kati yake na bati, kwa hivyo hakuna mahali pa maji kujificha. Ubaya wake ni kwamba kazi yote iko kwenye matayarisho. Fundi mvivu akipulizia juu ya kutu au mafuta, itabanduka, na chini yake kutu itaendelea kula ikiwa imefunikwa vizuri zaidi ya beseni la baba. Kwa hivyo kaa hapo ukimtazama anavyosugua. Beba chai, beba kiti. Akikwambia uje jioni uchukue gari, mwambie huna mahali pa kwenda.

Kuna na njia ya tatu ambayo haina jina la kampuni. Ni bati nene lenye nundu, lile la ngazi za basi, linakatwa na kufungwa sakafuni, au zulia zito la mpira. Kwa mawe na mchanga wa ujenzi hilo bati halina mpinzani. Ila likikaa juu ya sakafu bila upenyo wa maji, ni hadithi ile ile ya 504. Zulia la mpira mimi nalipenda kuliko watu wengi wanavyolipenda. Kreti za maziwa haziteleziani juu yake, na unalikunja ukaliosha. Ni ule ubao wa zamani, umelainika.

Sasa juu. Vile vifuniko bapa vinavyofungwa usawa wa kuta, vya kukunja au vya kuviringisha kama shata ya duka, ni vizuri kwa mtu anayebeba vifaa vya kazi na anaogopa wezi wa foleni. Kwa mkulima wa Kinangop, hapana. Gunia la viazi lina haki yake ya kusimama. Kanuni za mwaka 2019 zilisema viazi vifungwe kilo 50, lakini sote tumewahi kuona gunia limevaa kilemba, lile wakulima huita mukurino, na hilo haliingii chini ya kifuniko bapa hata ulisihi. Kisha viazi havitaki mwanga, vinageuka kijani na kuwa na sumu, na pia havitaki kufungiwa hewa. Kabeji ikifungiwa kwenye kanopi ya bati juani inajipika yenyewe. Mzigo wa shamba unataka kivuli na upepo kwa pamoja.

Ukitaka kuona watu waliofikiria jambo hili hadi mwisho, tazama pikapu za miraa zinazoshuka kutoka Maua kwenda Nairobi. Sizungumzii uendeshaji wao, huo ni wa Mungu tu. Nazungumzia nyuma. Miraa inakufa ikikauka, na ina siku mbili hivi za kuwa na thamani. Wanafunga vifurushi kwa majani ya mgomba, wanaviweka kwenye magunia, wanapanga hadi juu, halafu turubai na kamba. Hakuna kanopi ya bati. Gari ambalo kila dakika yake ni pesa, na lenye uwezo wa kununua kifuniko chochote kile, limechagua kitambaa. Kwa sababu ni chepesi, hakipandishi uzito juu ili gari liyumbe kwenye kona, kinapumua kidogo, na kinafuata umbo la mzigo.

Hapo ndipo nilipofikia. Sakafu ya kupuliziwa, zulia la mpira juu yake, na turubai nzito ya pamba, si ile ya plastiki ya buluu inayopasuka kwa upepo wa Jumanne moja. Turubai ikae juu ya vyuma vilivyopinda, kama Land Rover ya 1948, vinavyochomoka. Nimemwambia fundi avifanye viwe vifupi. Mtu mzima akikaa chini yake, kichwa kinagusa.

Mzee alinipigia siku ya tatu. Akaanza na mvua, akaja kwa ng'ombe, akapitia kwa mchungaji. Halafu akaniuliza, "Maitu, na usiku mtu akizidiwa, kama mama ya jirani mwaka jana, tukangoja ambulensi hadi saa kumi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimewasomea historia hii yote na bado sina jibu zuri, kwa sababu benchi za babangu hazikutoka kwa ujinga. Kijijini kwetu gari la nne barabarani liko kilomita kadhaa kutoka la tatu. Nikamwambia mgonjwa akae mbele, kiti cha abiria, na anayemshika akae naye hapo, wabanane. Wengine wafuate kwa bodaboda. Akasema, "Na maziko?" Nikamwambia maziko tutachangia matatu ya kukodi, mimi nitatoa ya kwanza. Akasema amesikia. Kwa babangu, amesikia haimaanishi amekubali.

Jumamosi tulikuwa kwa fundi, mimi na kiti changu na chupa ya chai, nikimtazama akisugua. Shangazi alikuja pia, akakaa kwenye kivuli na fimbo yake. Vyuma vya turubai vilipowekwa kwa mara ya kwanza kujaribu, baba akaingia nyuma, akachuchumaa, akajaribu kukaa. Kichwa kikagonga. Akamtazama fundi, akanitazama mimi.

"Hii ni fupi," akasema.

"Iko sawa," shangazi akajibu kabla yangu.

Baba akashuka, akajipangusa magoti, akamuuliza fundi kamba atanunua wapi.